Mfugaji Namba Sufuri

Katika miaka ya tisini, mtu aliyewahi kugusa kompyuta alikuwa kama mtu aliyewahi kuingia chumba cha upasuaji: hakuna aliyemuuliza kama aliingia akiwa daktari au mgonjwa. Mimi niliigusa chuo kikuu, katika somo la muhula mmoja, nikiwa wa mwisho kwenye foleni ya wenzangu waliokuwa wameshaizoea. Nilipokuja kufundisha hesabu katika shule ya sekondari upande wa Kabianga, habari zilishanitangulia kwamba mwalimu mpya anajua kompyuta. Sikukanusha. Sifa kama hiyo haiji mara mbili, na mwalimu wa hesabu hapati sifa nyingi.

Ndivyo nilivyojikuta, likizo moja ya Agosti, katika ofisi iliyokuwa nyuma ya kanisa, juu kidogo ya mji wa Bomet, nikiwa mbele ya mashine iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilikuwa na maua mekundu pembezoni, kama vile vya kufunikia redio na makochi nyumbani. Karani aliyekifuma alikitoa taratibu, akakikunja, akakiweka juu ya kabati, kisha akanivutia kiti.

Ofisi ilikuwa ya mradi wa maziwa wa kanisa. Wafugaji waliojiunga walipelekewa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, na kila baada ya muda wafadhili walileta mitamba wenye mimba, wakagawiwa wale wasio na ng'ombe. Sharti lilikuwa moja tu. Mwenye boma akiwa na ng'ombe wake, hapati mtamba. Asiye na ng'ombe wake, akishajenga banda na kupanda nyasi za nepia, anapata. Zamani orodha ilitoka kwenye kichwa cha mwenyekiti na kukubaliwa mkutanoni. Safari hii wafadhili, kwa kuwa ndio walionunua kompyuta, walitaka orodha itoke kwenye kompyuta.

"Mwalimu," karani aliniambia kabla sijakaa vizuri, "hii kitu inakula ng'ombe."

"Inakula vipi?"

"Naingiza ng'ombe, inaingia. Nafunga. Nikifungua tena, hakuna. Mwenye boma yuko, ng'ombe hayuko. Nimeanza kuogopa wataniuliza nimewauzia nani."

Alikuwa msichana mcheshi, mwepesi wa kupiga chapa, aliyezaliwa katika nyumba za kampuni ya majani chai. Baba yake alikuwa ametoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani na hakurudi. Yeye mwenyewe alisema ng'ombe pekee aliyemfahamu kwa karibu ni yule aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa.

Nikamwomba anionyeshe. Programu ilikuwa na fomu mbili. Fomu ya kwanza ilikuwa ya mfugaji: jina lake, namba yake, boma lake liko wapi. Chini yake palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Ng'ombe". Ukikibonyeza inafunguka fomu ya pili, inayotakiwa kuonyesha ng'ombe wa mfugaji huyo tu, si wa mwingine. Kinachoziunganisha fomu hizo mbili ni namba. Mfugaji ana namba yake, na kila ng'ombe ana mahali pa kuandikiwa namba ya mwenyewe. Namba zikifanana, ng'ombe anaonekana. Zisipofanana, haonekani.

Karani akafungua mfugaji mmoja, akabonyeza kitufe. Fomu ya pili ikaja tupu, nyeupe kama unga.

"Unaona? Huyu mzee ana ng'ombe watatu. Niliwaingiza na mikono yangu."

Nilifungua kitabu cha maelezo, kinene kuliko Biblia ya mimbarani, nikakisoma kwa uso wa mtu anayekumbushwa mambo anayoyajua. Kwa kweli ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nayasoma. Nikajaribu kwanza lililo rahisi. Fomu ya pili ilikuwa na kichujio, yaani ule mtego unaopitisha ng'ombe wa mtu mmoja na kuzuia wengine. Nikakiondoa. Skrini ikajaa ng'ombe mara moja, safu kwa safu, weusi, wekundu, wenye mabaka, wa Sigor, wa Longisa, wa kila mahali.

"Kumbe wako!" karani akaruka. "Walikuwa wamejificha wapi?"

Hawakuwa wamejificha. Walikuwa wamewekwa vizuri kabisa, ila wengi wao, mahali pa namba ya mwenyewe, palikuwa na sufuri.

Hapo nilihisi furaha ambayo watu wa fani yangu huipata mara chache sana, nayo ni kujua jibu kabla ya kuulizwa swali. Kitabu kilieleza. Fomu ya pili ilipofunguliwa na kitufe, ilijua ng'ombe wa kuonyesha, lakini haikujua kumpa ng'ombe mpya namba ya mfugaji. Karani alidhani kwa kuwa ameifungua kutoka kwa mzee fulani, basi kila atakachoandika ni cha mzee huyo. Mtu yeyote angedhani hivyo. Programu haikudhani. Na mahali popote pa namba palipoachwa wazi, yenyewe ilijaza sufuri. Ilitengenezwa hivyo. Mstari unaohusu namba haukuruhusiwa kubaki kimya.

Nikairekebisha. Niliiambia fomu ya pili kwamba kila anapoandikwa ng'ombe mpya, ichukue namba kutoka fomu ya kwanza. Karani akajaribu kwa kumpa mzee yule ng'ombe wa kubuni mwenye miguu mitano. Akafunga, akafungua. Ng'ombe wa miguu mitano alikuwepo. Akapiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama mchungaji anayesifiwa mahubiri.

Wakabaki wale wa zamani, wenye sufuri. Nilitaka kuwaona pamoja, basi nikatumia ujanja. Katika fomu ya kwanza nikaunda mfugaji mpya wa muda, nikampa namba sufuri, nikabonyeza kitufe. Kundi lote likaja chini yake.

Wakati huohuo mwenyekiti wa mradi akaingia, mzee mrefu wa makamo aliyekuwa na shamba la majani chai upande wa juu, karibu na mpaka wa Kericho. Alipangusa mvua kwenye kofia, akavaa miwani, akasogea kwenye skrini.

"Huyu ni nani mwenye ng'ombe wengi namna hii?"

"Ni mfugaji namba sufuri, mzee," nikasema.

"Mbona sijawahi kumwona mkutanoni?"

Karani akacheka mpaka akashika meza. Mwenyekiti naye akacheka, akaendelea kusoma majina ya mahali, akishuka na kidole bila kugusa kioo. Kisha akaacha kucheka. Akasema hiyo si ya kuachwa wazi hivi watu wakiona, nimfute huyo mtu, na akatoka bila kusema alichokuja kufanya.

Nikamfuta. Kisha tukatoa kadi za karatasi ambazo karani alikuwa amenakili, ili tujue ng'ombe hawa ni wa nani. Kadi ziliandikwa na mwinjilisti mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba kabla hajahamishwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Rangi ya ng'ombe aliandika, pembe aliandika, namba ya boma analolala aliandika. Lakini kwenye kadi nyingi, penye neno "mwenye ng'ombe", alikuwa amechora kistari.

"Kistari ni nini?" nikauliza.

"Mimi naandika kile nimepewa," karani akasema. "Nikipewa kistari, nitaandika namba gani? Niliruka."

Akaruka, na programu ikajaza sufuri, kama ilivyowajazia wale wengine. Nikasema, bila kufikiri sana, kwamba mwinjilisti alikuwa mvivu. Namba ya boma, ambayo ndiyo namba ya mfugaji wake, ilikuwepo. Ng'ombe analala katika boma fulani, basi ni wa boma hilo. Nikaandika amri moja: popote palipo na sufuri, weka namba ya boma. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Ng'ombe wakagawanyika wote kwa mpigo, kila mmoja akaenda kwao kama jioni, na hata fomu moja haikuja tupu isipokuwa za wale wasio na ng'ombe kabisa. Tukachapisha orodha ya mitamba. Karani akaipeleka ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa.

Nilirudi Kabianga nikiwa nimepewa jogoo.

Jumatatu iliyofuata niliitwa tena, nikadhani ni printa. Nilikuwa bado navua koti wakati mama mmoja alipoingia, sweta yake imefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, viatu vina udongo wa Sigor ambao si kama wa huku juu. Hakukaa.

"Ni nani ameniandikia ng'ombe ya watu?"

Karani akaninyooshea kalamu.

Alikuwa mjane. Karani alimjua, kwa sababu mkutano ulikuwa umempitisha apewe mtamba tangu kabla ya kompyuta kufika. Banda alikuwa amejenga, la mbao za mabanzi na mabati yaliyotolewa kwenye jiko lake. Nepia ilikuwa imemfika kiunoni. Sasa orodha ilikuwa mlangoni na jina lake halimo, maana fomu zangu mbili zilikuwa zimeungana vizuri na kuonyesha kwamba ana ng'ombe.

"Mama," nikasema, "ng'ombe huyu mwekundu, halali kwako?"

"Analala."

"Si wewe unakamua?"

"Nakamua."

"Sasa, mama, tungeandika nini?"

Akanitazama kama anayetafuta sura ya mtu anayemjua. "Wewe si mtoto wa hapa?"

"Mimi ni wa Kericho."

"Na baba yako alikuwa na ng'ombe wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba nyumbani, nikaufunga. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili nyumbani. Na alikuwa na mwingine Soin, kule chini kwenye joto, kwa rafiki yake. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara moja tukateremka kwenda kumwona. Njiani alinionya kwamba tunaenda kusalimia watu, si kuangalia ng'ombe, nisije nikamtazama sana. Tulikaa, tukanywa maziwa, wazee wakaongea habari za mvua. Ng'ombe alipita mbele yetu na hakuna aliyemtaja.

Watu wetu huita hiyo kimanagan. Unamweka ng'ombe wako kwa rafiki. Yeye anamlisha na kukamua, maziwa ni yake, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia kwako haukuti wote. Tangu watu wa juu walipopanda majani chai mpaka mlangoni, wengi hawana hata pa kumsimamisha ng'ombe, kwa hiyo huwaweka kwa wenzao wenye nyasi. Na ni jambo la watu wawili. Mwenye ng'ombe hatangazi ana wangapi na wako wapi. Anayemtunza hasemi ni wake, maana huo ungekuwa wizi, wala hasemi ni wa nani, maana huo ungekuwa umbeya. Ukimuuliza, atasema ni wa rafiki. Mwinjilisti aliuliza, akaambiwa ni wa rafiki, na kwa kuwa alilelewa vizuri akachora kistari.

Mimi nililelewa vilevile, lakini nilikuwa pia nimesoma.

"Mwenyewe akisikia nimeandikisha ng'ombe yake kwa jina langu atasema nini?" mama akaendelea. "Mzee wangu alikaa na hiyo ng'ombe mpaka akafa. Hakuna siku alisema ni yake. Leo mimi, mjane, ndiye nitasema? Watu watasema bwana alikufa akaanza kunyang'anya marafiki zake."

"Tutamtoa, mama."

"Na mtamba yangu?"

Kumtoa ng'ombe kwenye jina lake ilikuwa kazi ya kubonyeza. Lakini orodha ilikuwa imeshabandikwa, watu wameshaisoma, na aliyewekwa mahali pake alikuwa ameshashukuru Mungu hadharani. Nikamwambia jambo litaenda kwa kamati.

"Kamati ndiyo imeniandika?"

"Hapana. Ni mimi."

"Basi wewe ndiye utaongea huko," akasema, na hapo ndipo akakaa.

Nilifanya kazi siku hiyo kama mtu anayetengeneza paa na mvua imeshaanza. Nikatenga mwenye ng'ombe na boma analolala viwe vitu viwili. Fomu ya mfugaji ikapata vitufe viwili: kimoja cha ng'ombe walio wake, kingine cha ng'ombe waliowekwa kwake. Cha kwanza kiliunganishwa kwa namba ya mwenyewe, cha pili kwa namba ya boma. Na nikafuta ile sufuri. Nikairuhusu nafasi ya mwenyewe ibaki tupu, kama mwinjilisti alivyoiacha. Mama alikaa nyuma yetu muda wote, mikono mapajani, akiangalia kama mtu anayelinda chungu jikoni. Karani alimwendea na kiti chenye mto.

"Kwetu kambini," karani akasema, "kitu kikilala kwako asubuhi ni chako, ama wewe ni askari wa zamu."

Mama hakucheka, ila alimuuliza kama ameolewa.

Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa, mchana, watu wa orodha na wasio wa orodha wote wamekuja. Nilieleza fomu mbili, kisha fomu tatu, nikachora kwenye ubao wa shule ya Jumapili visanduku na mishale. Nilieleza vizuri. Najua kwa sababu watu walilala. Nilipofika kwenye neno "waliowekwa" wakaamka wote.

Mweka hazina, mwalimu mkuu aliyestaafu, alisimama. "Mwalimu, tumeelewa. Swali moja. Nikisema ng'ombe wangu wote ni wa kuwekwa, nitapata mtamba?"

Kicheko. Mtu mmoja mwenye tumbo, ambaye maziwa yake yalibebwa na punda, akainua mkono. "Hata mimi wangu wote ni wa marafiki. Andika."

"Wewe? Na yule fahali ni wa rafiki gani?"

"Ni siri ya watu wawili!"

Kanisa likachangamka. Mweka hazina akangoja watulie. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho mimi, kati ya visanduku na mishale yangu, nilikuwa nimekiruka: nafasi tupu haina ushahidi. Akamgeukia mama.

"Mama, hakuna mtu hapa anasema wewe ni mwongo. Lakini sharti ni sharti. Tuambie tu ng'ombe ni ya nani, tuandike, twende."

Mama akasimama. "Ng'ombe si yangu. Mwenyewe yuko."

"Ni nani?"

"Nikimtaja hapa, kesho nitamwangalia na macho gani?"

"Basi hatuna namna."

"Basi mkae na mtamba yenu," akasema mama. "Lakini hiyo ng'ombe mtoe kwa jina langu leo, nikiona."

Akabaki amesimama. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa amechagua, na aliyekuwa amepewa nafasi yake alianza kutazama sakafu. Mimi nilikuwa na chaki mkononi na hakuna kitu cha kuandika.

Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida mkutano ulimtoka mdomoni kama maji, hakuwa amesema neno. Alikuwa anafuta miwani yake na ncha ya koti, upande huu, upande ule. Akaivaa.

"Andikeni kwangu," akasema.

"Nini, mzee?" mweka hazina akauliza.

"Hiyo ng'ombe. Andikeni namba yangu. Mwalimu, unaijua namba yangu?"

Kisha mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Kumbe! Na wewe ulituambia una mmoja tu!"

"Nilisema niko na mmoja kwa boma. Mliniuliza ya boma."

Watu walicheka mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Mwenyekiti hakucheka. Akaeleza kwa sentensi chache, akitazama dirishani, kwamba yeye na marehemu walikuwa wa rika moja, kwamba alimpelekea ng'ombe huyo mwaka aliopanda majani chai penye malisho yake ya mwisho, na kwamba huyu mama hajawahi kukosea neno hata moja. Kisha akaketi. Mama naye akaketi. Hawakutazamana.

Mweka hazina akasema ushahidi umepatikana. Nikaandika namba ubaoni.

Jina la mama lilirudi, na yule aliyekuwa amewekwa mahali pake akaahidiwa awamu ijayo, akasema amina kwa sauti ndogo. Mitamba ililetwa kwa lori mwezi uliofuata. Wa mama alikuwa mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mwoga wa ngazi. Alimshusha mwenyewe. Kabla ya kuondoka alipita ofisini, akamfunga kwenye nguzo nje, akaingia.

"Nionyeshe."

Karani akafungua fomu yake, akabonyeza kitufe cha kwanza. Mtamba alikuwepo. Akabonyeza cha pili. Mwekundu alikuwepo, na jina la mwenyekiti mbele yake. Mama alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Sasa hapo umeandika vizuri," akaniambia. "Hata yeye akija atakuta ng'ombe yake inaitwa yake."

Aliyekuja si yeye. Alikuja mtoto wa kwanza wa mwenyekiti, mwanamume mzima aliyekuwa amefikisha umri wa kuoa na kuupita. Kwa miaka baba yake alikuwa anamwambia asubiri, ng'ombe wa mahari hakuna. Sasa parokia nzima ilikuwa imesikia. Alikaa kwenye kiti cha mto, akauliza habari za shule, za mvua, za bei ya mbolea. Kisha akauliza kama ile mashine inaweza kuonyesha ng'ombe wengine wa mzee, ikiwa wapo, sijui wapi, pengine Sotik.

"Inaonyesha kile tumeandikiwa," karani akamjibu, mtamu kama asali. "Na penye hatujaandikiwa, iko kimya."

Nilijivunia nafasi ile tupu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukitengeneza.

Lakini mmoja hakufichika. Kabla ya Krismasi, mwekundu wa Sigor na ndama wake walipandishwa juu, kwenda kwa wakwe wa kijana yule. Mwenyekiti alishuka mwenyewe kumwambia mama, na nilisikia kwamba alikaa sana, akaongea habari za mvua. Karani alifungua fomu, akabonyeza kitufe cha pili, akafuta. Kitufe cha kwanza kilibaki na mtamba, ambaye alikuwa bado hajazaa.

Mwezi wa pili nilishuka Sigor pamoja na mtu wa sindano, nikisingizia kukagua kadi. Kulikuwa na kiangazi. Banda lilikuwa limefagiwa, nepia imekatwa vizuri na kupangwa. Mama alitukaribisha, akaingia jikoni, akakaa huko muda. Alirudi na birika na vikombe, akamimina. Ilikuwa turungi, chai ya rangi, nyeusi tii.

Kwetu, mgeni hawekewi turungi. Katika nyumba yenye kikombe kimoja cha maziwa, kikombe hicho ni cha mgeni. Mtu wa sindano alikitazama kikombe chake, akanitazama mimi, akaanza kuongea habari za kupe.

"Kunyweni," mama akasema. "Tangu ile ng'ombe iende tunakunywa hivi. Watoto wamezoea, mimi ndiye bado."

Nikasema pole.

"Pole ya nini? Ilikuwa yake." Akaelekeza kidevu bandani, mahali mtamba mweusi alipokuwa amesimama, tumbo pana, akitafuna bila haraka. "Mwalimu, njoo tena wiki tatu. Yangu inakaribia."

Nikanywa. Ilikuwa imewekwa sukari nyingi, kwa heshima. Mtu wa sindano akavaa gambuti zake akaenda kumpima mtamba ubavuni, na mama akamfuata akimwambia asimshtue, anaogopa wageni.